Kisukari "na" ganzi: historia ya neno dogo kwenye faili la mgonjwa

Najua nimewatelekeza karibu mwezi mzima na kuna wawili watatu wameniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kazi za gazeti mnazijua, leo uko mahakamani, kesho uko kwenye warsha unasubiri mgeni rasmi aliyechelewa saa tatu. Lakini safari hii kilichoniweka kimya ni mguu wa mjomba wangu, na ndio ninaotaka kuuandikia.

Mjomba ni dereva mstaafu wa malori. Aligundulika ana kisukari miaka kumi na moja iliyopita, akaanza vidonge, akapunguza soda (siyo sana), maisha yakaendelea. Miaka mitatu iliyopita akaanza kulalamika kwamba usiku nyayo zinawaka moto na mchana zinakufa ganzi. Siku moja tunatoka naye sokoni nikamwambia, "Mjomba, kandambili yako moja umeiacha kule nyuma." Akatazama chini, akacheka. Alikuwa ametembea hatua kama ishirini bila kujua kwamba mguu mmoja uko peku. Tukacheka wote. Leo nikikikumbuka kicheko kile sijisikii vizuri.

Mwaka huu kaa la moto lilidondoka kutoka kwenye jiko likatua kwenye kidole chake. Aliyeshtuka ni shangazi, kwa sababu ya harufu. Mjomba mwenyewe alikuwa anaendelea kusikiliza mpira kwenye redio. Kidonda kikagoma kupona, na wiki sita baadaye vidole viwili vikakatwa.

Sasa hapo ndipo nilipoingia mimi, mtoto msomi wa familia. Mjomba anatibiwa kwa bima ya binti yake, na fomu ya madai ya ule upasuaji ilirudishwa hospitali na swali. Nikatumwa nikafuatilie. Hospitali siitaji, na bima siitaji. Kwenye fomu, sehemu ya ugonjwa, palikuwa pameandikwa herufi na tarakimu: E11.9. Nikamuuliza karani wa kumbukumbu maana yake. Akaniambia, "Kaka, hiyo ndiyo tunawaandikia wagonjwa wote wa sukari. Huwa inapita haraka."

"Na safari hii?"

"Safari hii haikupita."

Nilipofika nyumbani nikaingia kwenye intaneti nikaitafuta. E11.9: kisukari aina ya pili, kisicho na madhara. Mtu amelala kitandani, mguu umefungwa bandeji, vidole vyake viwili vimetupwa, na kwa mujibu wa karatasi ana kisukari kisicho na madhara! Nikapekua madaftari yake (Mjomba, kama wazee wengi wa hapa Dar, anatibiwa kwa daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma). Yapo mawili. Moja la kliniki ya kisukari, limejaa vipimo vya sukari na presha. La pili ni la zahanati ya mtaani, na huko ndiko alikokuwa akipeleka ganzi yake, akipewa vidonge vya vitamini B. Daftari la kwanza halijui kama kuna miguu. La pili halijui kama kuna sukari. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeandika sentensi moja inayoviunganisha.

Tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya hizo namba kama kichaa. Kwa Kiswahili wataalamu wanaziita misimbo. Wafanyakazi wa hospitali wengi husema "kodi", na mimi nitaliepuka neno hilo kwa sababu kila nikilisikia nawaza TRA. Nilidhani nitakuta hadithi kavu ya makarani. Nilichokuta ni ugomvi wa zaidi ya miaka mia moja na sitini kuhusu neno moja dogo ambalo sisi Waswahili tunalitumia bila hata kulifikiria: "na".

Hebu liangalie. Tunasema "Juma na Ali wamekuja", yaani wamekuja wawili, basi. Tunasema "amekuja na mwavuli", yaani mmoja kambeba mwingine. Halafu tunasema "ameumwa na nyoka", na hapo "na" imekuwa mtuhumiwa. Sasa daktari akiandika "kisukari na ganzi ya miguu", ni "na" ipi? Ni majirani wawili waliokutana kwenye mwili mmoja, au ni nyoka na aliyeumwa?

Tuanzie London. Mwaka 1662 mfanyabiashara mmoja wa nguo, John Graunt, alichapisha kitabu alichokitoa kwenye orodha za vifo za kila wiki za jiji lile. Waliokuwa wakienda nyumba kwa nyumba kukagua maiti na kusema kimeua nini walikuwa wanawake, wengi wao wazee, walioajiriwa na parokia. Kwenye orodha unakuta watu waliokufa kwa "meno", wengine "ghafla", wengine kwa kusokotwa tumbo. Usicheke sana. Wale bibi walikuwa wameanza kazi ambayo hadi leo haijaisha, ya kumlazimisha mtu mmoja mwenye mambo mengi aingie kwenye mstari mmoja.

Aliyeigeuza kazi hiyo kuwa elimu ni William Farr, daktari aliyeingia ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ya Uingereza na ambaye kuanzia 1839 alianza kulalamika kwenye ripoti za kila mwaka kwamba ugonjwa mmoja unaitwa kwa majina matatu au manne, na jina moja linatumika kwa magonjwa kadhaa. Mwaka 1853 mkutano wa kimataifa wa takwimu uliofanyika Brussels ulimpa yeye na Marc d'Espine wa Geneva kazi ya kutengeneza orodha moja ya dunia. Mwaka 1855, Paris, kila mmoja akaja na yake. D'Espine alipanga magonjwa kwa asili yake. Farr alikuwa na magonjwa ya mlipuko, magonjwa ya mwili mzima, magonjwa ya kiungo kimoja kimoja, ya makuzi, na yale ya ajali na ukatili. Mkutano ukafanya kama mikutano yote inavyofanya, ukachanganya zote mbili ukapata orodha ya vichwa 139. Lakini kwa miaka iliyofuata mpango uliosimama ni wa Farr.

Nyumba ya Farr ina mantiki nzuri sana, ila kuna mtu imemsahau. Kisukari ni ugonjwa wa mwili mzima, kinakaa chumba kile. Mishipa ya fahamu ni kiungo, inakaa chumba hiki. Mgonjwa ambaye sukari imemla mishipa ya fahamu ya miguuni anasimama mlangoni, mguu mmoja huku, mwingine kule. Akiingia chumba kimoja, kingine hakimhesabu.

Na tusimlaumu Farr, maana wakati ule hata madaktari walikuwa hawajui nani kamuuma nani. Mwaka 1849 Claude Bernard, mwanafiziolojia mkubwa wa Ufaransa, alimchoma sungura sindano sehemu fulani chini ya ubongo, na sukari ikatokea kwenye mkojo. Kwa hiyo wengi wakaona jambo liko wazi: mishipa ya fahamu ikiharibika, kisukari kinafuata. Mwaka 1864 Mfaransa mwingine, Marchal de Calvi, akaandika kinyume chake. Akasema maumivu na ganzi ya wagonjwa wa kisukari ni matokeo ya kisukari, siyo chanzo. Mshale ukageuzwa. Kufikia 1885 Frederick Pavy wa London alikuwa akieleza wagonjwa wenye miguu mizito, maumivu makali ya usiku, na goti lisiloruka likigongwa. Ukimsoma Pavy unamwona mjomba wangu, kasoro kandambili.

Wakati madaktari wanageuza mshale, watu wa takwimu walikuwa wanaendelea na nyumba yao. Mwaka 1893, Chicago, Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, aliwasilisha orodha yake mpya ya sababu za vifo. (Ndiyo, ukoo ni uleule. Kaka yake, Alphonse Bertillon, ndiye yule wa polisi aliyekuwa akiwatambua wahalifu kwa kuwapima urefu wa mikono na upana wa kichwa. Inaelekea mama yao aliwalea kwenye makabati ya mafaili.) Mwaka 1898 chama cha afya ya jamii cha Marekani, kwenye mkutano wake wa Ottawa, kikapendekeza orodha hiyo itumike Marekani, Kanada na Mexico na irekebishwe kila baada ya miaka kumi. Mwaka 1900 serikali ya Ufaransa ikaita mkutano wa kwanza wa marekebisho, nchi 26 zikahudhuria, na hilo likawa toleo la kwanza la kile ambacho leo dunia inakiita ICD.

Angalieni jambo moja hapo: ni sababu za vifo. Ganzi haiui. Mtu hafi kwa kutohisi kandambili. Kwa hiyo kwenye orodha za Bertillon mtu kama Mjomba hayupo kabisa mpaka afe, na akifa ataandikwa kwa kile kilichomaliza kazi. Kabla ya insulini wala hili halikuwa tatizo kubwa, maana wenye kisukari kikali walikufa mapema. Insulini ikaingia mwilini mwa mgonjwa wa kwanza Toronto Januari 1922, na kuanzia hapo watu wakaanza kuishi na kisukari miaka ishirini, thelathini. Muda wa kutosha kwa sukari kutafuna mishipa polepole. Mbelgiji Jean Pirart aliwafuatilia wagonjwa 4,400 kati ya 1947 na 1973. Siku ya kugunduliwa waliokuwa na dalili za kuharibika mishipa ya fahamu walikuwa asilimia 7.5. Baada ya miaka 25 walikuwa nusu.

Bahati nzuri ni kwamba mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani, likiwa ndiyo kwanza limezaliwa, lilipitisha toleo la sita na kwa mara ya kwanza orodha ikawahesabu wagonjwa pamoja na marehemu. Mwaka huohuo ikapitishwa fomu ya kimataifa ya cheti cha sababu ya kifo, ambayo mimi naiona ni kazi nzuri kuliko hata orodha yenyewe. Mstari wa kwanza unaandika kilichomuua mtu. Chini yake: kutokana na nini? Chini tena: na hicho kutokana na nini? Unashuka ngazi mpaka kwenye mzizi. Kisha kuna sehemu ya pili, pembeni, ya magonjwa mengine aliyokuwa nayo yaliyochangia. Yaani fomu ile inamkataza daktari kujificha nyuma ya "na". Lazima aseme: nyoka, au jirani? Kisukari kikiandikwa kwenye ngazi kinahesabiwa kuwa kimeua. Kikiwekwa pembeni, au kikisahaulika, marehemu alikufa kwa kidonda kilichoingia wadudu, na takwimu za kisukari zinabaki nzuri.

Kwa walio hai, ngazi ilichelewa. Toleo la tisa, lililojadiliwa Geneva 1975, ndilo lililoleta ujanja wa alama mbili, msalaba na nyota. Ugonjwa mama unapewa namba yenye msalaba, na kile ulichokizaa kwenye kiungo kinapewa namba yake yenye nyota. Nyota hairuhusiwi kutembea peke yake. Hatimaye mtu wa mlangoni akaruhusiwa kuwa kwenye vyumba viwili kwa wakati mmoja, miaka 120 baada ya Farr kujenga nyumba.

Toleo la kumi, lililopitishwa 1990 na kuanza kutumika 1994, ndilo lililozoeleka kwenye mafomu mengi mpaka leo, pamoja na ile ya Mjomba. Humo kisukari kina E10 mpaka E14, na tarakimu baada ya nukta ndiyo inayosema kimefanya nini. Nukta mbili ni figo, nukta tatu macho, nukta nne mishipa ya fahamu, nukta tano mzunguko wa damu, nukta saba madhara mengi kwa pamoja, nukta tisa hakuna madhara. Kwa ganzi ya Mjomba ilitakiwa E11.4 yenye msalaba, ikifuatana na G63.2 yenye nyota, yaani mishipa mingi ya fahamu iliyoharibiwa na kisukari. Tofauti ya .9 na .4 ni kupiga kitufe kingine tu, lakini karani hana ruhusa ya kukipiga kama daktari hajaandika. Daktari anatakiwa kuandika aina ya kisukari, mishipa ipi, mguu upi, amepima nini akaona nini, na lile neno: kutokana na.

Na kupima kwenyewe hakuhitaji mashine. Kuna uzi wa nailoni unaopinda ukigandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Unamwambia mgonjwa afumbe macho, unamgusa unyayo, anasema kama amehisi. Uzi huo ulipata umaarufu kutokana na kazi iliyofanyika kwenye hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana, kwa sababu mguu wa mgonjwa wa ukoma na wa kisukari shida yao inafanana. Mguu unaoumia bila kusema. Nimepekua daftari la kliniki ya kisukari ukurasa kwa ukurasa, miaka kumi na moja. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba Mjomba alivuliwa viatu.

Nchi iliyoligombania neno letu kwa nguvu zote ni Marekani, kwa sababu kule limefungwa kwenye pesa. Kuanzia 1979 walitumia toleo lao la tisa, ambamo 250.6 ilikuwa kisukari chenye madhara ya mishipa ya fahamu. Wakahamia toleo lao la kumi tarehe 1 Oktoba 2015, baada ya kuahirisha mara mbili, na misimbo ikaruka kutoka karibu 14,000 hadi karibu 69,000. Wachekeshaji walifurahi sana, maana kuna msimbo wa kugongwa na kobe. (Hapo "na" haina utata, kobe ndiye mkosaji.) Kwa upande wetu, ile .4 moja wameigawa sita: E11.41 mshipa mmoja, E11.42 mishipa mingi, E11.43 mishipa inayoendesha mambo ya ndani kama tumbo na moyo, na kadhalika.

Halafu ikaja sheria ninayoipenda kuliko zote. Kwenye faharasa yao, chini ya kisukari, kuna neno lenye maana ya "pamoja na", na chini yake orodha ya madhara. Mwaka 2016 ulitolewa ufafanuzi: mgonjwa akiwa na kisukari na akiwa na kimojawapo cha vilivyo kwenye orodha ile, karani achukulie kwamba kimoja kimezaa kingine hata kama daktari hakuunganisha, isipokuwa daktari aseme wazi kwamba havihusiani. Yaani serikali ikakaa chini ikaamua "na" ni nyoka mpaka ithibitike ni jirani. Mjomba angekuwa Chicago, madaftari yake mawili yangeunganishwa na karani.

Lakini msikimbilie kupiga makofi. Tangu 2004 mpango wa bima ya wazee wa Marekani umekuwa ukizilipa kampuni kulingana na uzito wa magonjwa ya wanachama wao, na kwa miaka mingi kisukari chenye madhara ya kudumu kiliongeza malipo karibu mara tatu ya kile kisicho na madhara. Mnaona kitakachotokea? Kampuni zikapata sababu nzuri sana ya kutafuta ganzi kwenye kila mguu. Mwishowe kwenye mfumo mpya wa hesabu ulioingizwa kwa awamu kuanzia 2024, vikundi vyote vile vya kisukari vikapewa uzito sawa. Huku kwetu madhara yapo lakini hayaandikwi. Kule yaliandikwa mpaka mlipaji akachoka.

Kuna sehemu nyingine ya historia hii inayotugusa zaidi sisi wa nchi maskini. Ile E12 ya toleo la kumi ni kisukari kinachohusiana na utapiamlo. Mwaka 1955 daktari Hugh-Jones aliandika kuhusu wagonjwa aliowaona Jamaica ambao hawakufanana na kisukari cha vitabuni, na baadaye wakaonekana wengi wa aina hiyo, vijana wembamba waliokulia kwenye njaa, Asia na Afrika. Shirika la Afya Duniani likakitambua kama kundi linalojitegemea 1985. Mwaka 1999 likakiondoa, kwa hoja kwamba ushahidi wa njaa kuzaa kisukari hautoshi. "Na" ileile! Njaa na kisukari, majirani au nyoka? Marekani hawakuihangaikia hata namba. Kwenye toleo lao unatoka E11 unaruka E13. Halafu Aprili 2025, Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakitambua tena, safari hii kwa jina la kisukari aina ya tano. Wagonjwa hawakuwa wameenda popote miaka yote hiyo. Kilichokuwa kinatoka na kurudi ni mstari wao.

Na hapa nyumbani? Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti wa vijiji sita vya Tanzania, wakakuta wenye kisukari hawafiki asilimia moja. Utafiti wa kitaifa wa 2012 ulipata asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Najua njia na maeneo ya tafiti hizo ni tofauti, siyo vizuri kuzilinganisha moja kwa moja, lakini hata ukipunguza unavyotaka, mlima umepanda. Kuhusu miguu tuna bahati ya kuwa na Dk. Zulfiqarali Abbas, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiandika kuhusu vidonda vya wagonjwa wa Dar es Salaam, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba vingi vinaanzia kwenye mishipa ya fahamu kuliko kwenye kuziba kwa mishipa ya damu. Katikati ya miaka ya 2000 ukaanzishwa mradi wa kufundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu, Tanzania na India zikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo.

Sasa linganisha na kitabu. Kwenye toleo la kumi, kidonda cha kisukari kimepangwa nukta tano, chumba cha mzunguko wa damu. Mwenye kidonda cha ganzi wa Dar anaandikwa kwenye chumba ambacho siyo chake, kwa sababu waliopanga nyumba hawakuwa wanamfikiria yeye. Toleo la kumi na moja, lililopitishwa 2019 na kuanza rasmi tarehe 1 Januari 2022, limeachana na misalaba na nyota. Unaandika 5A11, kisukari aina ya pili, unaweka mkwaju, unaunganisha msimbo wa mishipa ya fahamu, unaweza kuendelea kuunganisha mpaka mgonjwa wako aonekane kama alivyo. Ule mkwaju ndio "na" yetu, safari hii ikiwa na kazi inayojulikana. Nimeupenda. Sijui karani wetu mwenye foleni ya watu themanini ataupenda kiasi gani.

Wakati nasoma yote haya fomu ilikuwa bado haijajibiwa. Nikarudi hospitali na madaftari yote mawili, nikamwomba daktari wa zamu, dada mmoja mdogo pengine wa rika langu, ayasome pamoja. Alisoma kimya. Akamwambia Mjomba, "Shikamoo baba, hebu tuone na huo mguu mwingine." Akamgusa unyayo mara kumi, Mjomba akasema amehisi mara mbili. Akaandika mistari minne: kisukari aina ya pili, mishipa ya fahamu ya miguu yote miwili imeharibika kutokana na kisukari, kidonda cha moto mguu wa kulia kutokana na kupoteza hisia, vidole viwili vimekatwa. Karani akauliza kama aandike nukta nne au nukta tano. Dada akafikiri kidogo, akasema, "Andika saba."

Fomu ilipita baada ya wiki mbili.

Njiani kurudi Mjomba, ambaye alikuwa amefuatilia yale mazungumzo ya nukta kwa makini, akaniuliza, "Kwa hiyo na sasa hivi wameniongezea ugonjwa mwingine?"

"Hapana Mjomba. Ni uleule."

Akatikisa kichwa, akainama kutazama viatu vyake. Siku hizi anavaa sandozi za kufunga kisiginoni, na kila baada ya hatua chache anatazama chini kuhakikisha kwamba zote mbili zipo.